Kilichokaa Mbele ya Mwezi

Picha ya mwezi aliyoipiga Mama Picha ilikuwa na pengo. Pengo lenyewe dogo, upande wa chini, kama mtu aliumega mwezi kwa jino moja akaona hauna ladha, akauacha. Na jioni ile mwezi ulikuwa mpevu. Yeye mwenyewe aliuona ukichomoza nyuma ya jengo la jirani lisilokwisha kujengwa, mwekundu kwanza, kisha wa manjano, kisha mweupe kama sahani iliyotoka kuoshwa. Duara kamili, bila kasoro. Sasa pengo limetoka wapi?

Mama Picha hakuwa mtu wa kuhangaika na mwezi. Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti, harusi, na watoto wanaolia wakivalishwa suruali za kubana. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: stuli ya mteja, pazia la buluu nyuma ya stuli, taa mbili, na kijichumba cha kubadilishia nguo kilichozibwa kwa shuka. Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu wa kuondoka asubuhi na kurudi amelowa. Binti yao mdogo waliyemwita Pipi alikuwa ndiyo kwanza anaota meno ya mbele upya. Na katika chumba cha uani aliishi dada mkubwa wa mumewe, aliyerudi kwao ndoa yake ilipovunjika. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu hazimiki.

Redio na Mama Picha hawakupendana. Si ugomvi wa kurushiana sufuria. Ni ule wa maneno madogo madogo yanayotupwa kama maji ya kufagilia. Kwa Redio, wifi yake alipika vibaya, alifunga kilemba vibaya, alimsuka mtoto vibaya. Mama Picha alikuwa amejifunza kumpita bila kumtazama, kama mtu apitavyo shimo analolijua.

Mwezi uliingia nyumbani humo kwa njia hiyo hiyo. Jioni moja Mama Picha aliupiga picha kwa kujifurahisha, kwa kamera yake ile ile ya pasipoti, na ukatoka nukta nyeupe, punje ya mchele ndani ya sufuria lililoungua. Redio aliiona, akaenda kuwaonyesha majirani. Akawaambia mpiga picha mzima ameshindwa na kitu kisichocheza wala kupepesa macho. Watu wakacheka, na mume naye akacheka kidogo, na hicho kicheko kidogo ndicho kilichomchoma.

Basi siku iliyofuata, jua lilipozama tu, alitoa stendi uani, akaifunga mfuko wa mchanga isitikisike. Alijua kosa lake. Kamera ya kawaida ikiona anga jeusi hudhani kila kitu ni giza, hufungua jicho mno, na mwezi unaungua. Alipunguza mwanga mpaka anga likafa kabisa, akavuta lenzi hadi ilipogoma, akaiachia kamera ijipige yenyewe ili kidole chake kisiitingishe. Alipiga picha kadhaa mfululizo wakati mwezi ukipanda juu ya boriti za jengo la jirani.

Mwezi ulitoka. Madoa yake yote, makovu yake yote, ukali kama sarafu mpya. Isipokuwa lile pengo.

Alikuza picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Pengo lilikuwa na umbo. Lilikuwa na bega, na shingo, na kisogo. Mtu alikaa juu ya boriti, mgongo kwake, anautazama mwezi. Mama Picha akakumbuka kwamba jengo lile halikuwa na ngazi wala sakafu ya juu.

Akabonyeza picha iliyofuata. Kile kichwa kilikuwa kimegeuka nusu.

Akabonyeza nyingine. Kimegeuka chote. Mwanga ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo hapakuonekana jicho wala mdomo, weusi mtupu. Lakini alihisi ngozi ya uso wake ikisisimka, kama mtu anayetazamwa kupitia tundu la ufunguo.

Picha ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwezi mzima, safi, na boriti tupu chini yake.

Alisimama akiitazama, na ilimchukua muda kuelewa kinachomtisha katika picha isiyo na kitu. Kile kilichokaa kwenye boriti hakikuwepo tena juu. Nyuma yake kamba ya nguo ikalia, kama nguo nzito imeanikwa ghafla, na harufu ikamfikia, harufu ya taa iliyowaka mno na nywele zilizoungua.

Alikusanya vyombo akaingia ndani bila kugeuka.

Hakumwambia mtu. Asubuhi akachapisha ile picha safi, kubwa, na mumewe kwa fahari akaibandika mlangoni pa studio. Wapita njia walisimama kuisifu. Redio aliichunguza kwa muda, akasema ameiiba mahali, akaenda zake.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda kombo. Mwalimu mstaafu wa mtaa ule aliingia kutaka picha ya pasipoti. Mama Picha alimkaribisha, akamwambia akae. Mwalimu hakuitika. Alisimama katikati ya chumba akiangaza huku na huku, akaita kama kuna mtu, akatazama saa yake, akatoka. Alimfuata mpaka barabarani akimwita na kumvuta shati, na mwalimu akazidi kwenda, akidhani labda upepo umemvuta shati. Mama Picha alirudi ndani akijiambia mzee yule masikio yamechoka.

Mchana mteja mwingine akafanya vile vile. Alikuwa msichana, masikio yake mazima.

Ndipo akaijaribu kamera, kwa kuwa fundi akitatizwa hushika kwanza chombo chake. Akaiweka kwenye stendi, akaitega ijipige, akakaa kwenye stuli ya wateja, akanyoosha shingo kama anavyowaamuru wengine. Taa zikamulika. Alipoiangalia picha aliona pazia la buluu na mikunjo yake yote, akaona stuli, akaona hata vumbi kwenye miguu ya stuli. Juu ya stuli hapakuwa na mtu.

Shuka la kijichumba cha kubadilishia nguo likajongea. Ilikuwa mchana kweupe, magari yanapita, muuza mboga anaita nje, na ile harufu ya taa na nywele ikatambaa kutoka nyuma ya shuka kama moshi usioonekana.

"Ulinionyesha," sauti ikasema kwa upole, sauti kavu, kama karatasi inayokunjwa.

Mama Picha akang'ang'ania kingo za stuli.

"Niliumbwa kufichika. Hilo ndilo vazi langu. Ukanivua, ukanitundika mlangoni, watoto wakaninyooshea kidole wasijue wanamnyooshea nani. Sasa vazi langu utalivaa wewe."

Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba aliyekuwa mlangoni ni mwezi tu. Lakini shuka lilikuwa limetulia, na alipolifunua alikuta ndoano ya kutundikia nguo na kioo, na kioo hicho hakikumwonyesha.

Jioni mume alirudi, akavua viatu vyake vilivyolowa, akamuuliza dada yake uani mke wake amekwenda wapi. Mama Picha alikuwa amesimama mbele yake na taulo mkononi. Alimwita kwa jina la utani wanalolitumia wakiwa wawili tu. Mume akapita kando yake, kama apitavyo kando ya mlango, akaingia jikoni kujipakulia. Mwanzoni Mama Picha alijipa moyo kwamba mumewe amekasirika. Kisha Pipi akatoka chumbani na kitana mkononi, akimtafuta mama amsuke.

Mtoto alianza kuita kwa kawaida tu, kama aitavyo kila siku, akaenda studio, akarudi, akaangalia chini ya meza kwa kudhani ni mchezo, akacheka, kisha kicheko kikamwisha akaita tena, safari hii akivuta mwisho wa neno, na mama yake anamfuata nyuma kwa nyuma akiitika, nipo mwanangu, nipo hapa, geuka, nipo hapa, na mtoto anapita ukumbini, anapita kwenye sketi ya mama yake asiihisi, mpaka midomo ikaanza kumtetemeka na machozi yakamwagika, na Mama Picha, asiyeweza kuvumilia tena, akainama akamnyanyua amkumbatie. Pipi akapiga yowe. Hakuwa amewahi kulia namna hiyo, si kwa homa wala kwa kuanguka, kwa sababu miguu yake imeachana na sakafu na hakuna aliyemshika, na kuna joto limemkaba kifuani, na kadiri mama yake alivyombembeleza ndivyo alivyozidi kurusha mateke, na baba yake aliyetoka jikoni mbio akasimama mlangoni na tonge mkononi, anamtazama mwanawe anavyoning'inia hewani.

"Mweke mtoto chini," sauti ikasema kutoka uani. "Unamtisha."

Alikuwa Redio. Alisimama na ndoo yake, amekunja uso kama kawaida yake, na macho yake hayakuwa juu ya mtoto. Yalikuwa usoni kwa Mama Picha.

Akamshusha. Pipi akamkimbilia baba yake. Mama Picha akaketi sakafuni, akamuuliza wifi yake kwa kunong'ona kama anamwona.

"Nitaachaje kukuona?" Redio akasema, naye sauti ameipunguza. "Hawa wanakupenda. Mtu anayekupenda hakuangalii, anajua upo, basi. Mimi nakukodolea macho tangu siku ile waliyokuleta, natafuta kosa. Hata hicho kilemba umekifunga vibaya." Akaweka ndoo chini. "Nani amekufanya hivi?"

Mama Picha akamweleza yote, hapo hapo sakafuni, huku mumewe akimshangaa dada yake anayeitikia ukuta. Redio hakumcheka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na ushungi kichwani, akamwambia kaka yake amshike mtoto na asiulize.

Mwanamke waliyemwendea alikuwa mshona magodoro. Karakana yake ilijaa pamba mpaka dirishani, na mwenyewe alikuwa na pamba kwenye nyusi, lakini watu walijua kwamba akifunga mlango wa mbele hufanya kazi nyingine. Alimsikiliza Redio bila kuacha kuchambua pamba. Alipoambiwa mgonjwa yuko hapo kwenye benchi, alichota pamba kwa mikono miwili akaimwaga juu ya benchi, nayo haikufika chini. Iling'ang'ania kichwa, mabega, magoti, mpaka umbo la mwanamke aliyejikunyata likaonekana, jeupe na lenye manyoya, linatetemeka.

"Ni jini la staha," mshona magodoro akasema. "Mengine yanataka damu, mengine yanataka ngoma. Hili linataka lisionekane. Ukilivunjia heshima halisahau." Kisha akamgeukia Redio. "Nitaliita liseme. Likija, wewe tazama chini, wala usilijibu neno. Umesikia?"

Redio akasema amesikia.

Mshona magodoro alimfunika Mama Picha kwa kitambaa kipya cha godoro, akasoma maneno yake taratibu, akiyarudia na kuyarudia mpaka yakawa kama mlio wa cherehani. Harufu ya nywele ikaja. Pamba sakafuni ikaanza kusogea, ingawa madirisha yalifungwa. Na chini ya kile kitambaa, kwa koo la Mama Picha, ile sauti ya karatasi ikasema inataka picha zake zifutwe, na ile ya mlangoni ichomwe, kwa kuwa hata jini lisipoonekana pichani, watu wanapatazama mahali lilipokaa.

Waliahidi. Redio alikuwa ameibeba kamera kwenye kikapu. Mshona magodoro akazifuta picha moja moja, akiwa ameyaelekeza macho yake darini. Akasema picha ya mlangoni itachomwa kabla hawajalala. Akaliamuru litoke.

Halikutoka. Chini ya kitambaa Mama Picha alisikia uzito ukitulia kifuani mwake, ukijikunja kama paka aliyepata mahali pa joto, na akajua kwamba limeipenda nafasi yake, limeipenda nyumba, limempenda mtoto, na akajaribu kupiga kelele lakini koo halikuwa lake, na maneno ya mshona magodoro yakawa yanapungua nguvu, yanarudi nyuma, yanakwama, mpaka mwanamke yule akanyamaza kabisa akabaki anahema, jasho likimtoka kwenye pamba za nyusi zake, na katika kimya kile kitambaa kikaanza kuinuka juu zaidi ya kimo cha mtu yeyote aliyekaa.

Redio akainua macho.

"Toka," akasema. "Nakuona. Nakuona bila kamera. Umejikunyata hapo kama kuku aliyenyeshewa, halafu unajiita kitu cha kuogopwa. Huyu ni mke wa kaka yangu. Wa kumsumbua ni mimi. Toka."

Mshona magodoro alimziba mdomo, akiwa amechelewa. Kisha sauti ikauliza, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza njia:

"Na wewe, nani anakuangalia?"

Taa ikapasuka. Kitambaa kikaanguka. Mshona magodoro alipofungua dirisha, Mama Picha alikuwa amekaa kwenye benchi, anakohoa pamba, na wote wawili walimwona.

Jioni hiyo picha ya mlangoni ilichomwa. Mume alimshika mkewe mikono yote miwili, akimtazama kama mtu aliyerudishiwa macho, na Pipi alilala juu yake kama gundi. Wateja wakarudi. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na furaha ambayo haikuwahi kuwa nayo, na hata Redio alipewa kiti kizuri.

Kisha muuza mboga akapita bila kumwuzia Redio, huku Redio ameshika kikapu mbele yake. Akamtukana kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa, na hakuna aliyegeuka. Kaka yake akaanza kupakua chakula na kusahau sahani moja. Pipi alimkanyaga shangazi yake mguu, akajikwaa, akaangalia chini kuona amejikwaa na nini.

Mama Picha alirudi mbio kwa mshona magodoro. Mwanamke yule hakumficha. Alisema ndani ya Redio hakuna jini la kutolewa. Limemvisha vazi likaenda zake, na vazi hilo humwenea mtu ambaye tayari hatazamwi. Dawa ni moja tu, atazamwe. Apatikane mtu wa kumkodolea macho kama yeye alivyokuwa akimkodolea mwenzake.

Aliyebaki akimwona alikuwa Mama Picha, na yeye alimwona kwa tabu, kama kitu nyuma ya kioo chenye mvuke. Akafunga studio kila alasiri. Akamkalisha Redio kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia la buluu, akawasha taa zote mbili, akakaa karibu naye magoti yakigusana, akamtazama. Ndipo akagundua kwamba miaka yote waliyoishi pamoja hakujua kama wifi yake ana kovu kwenye nyusi. Hakujua kama ana jicho moja lenye rangi hafifu kuliko jingine. Alikuwa amempita tu.

"Nitukane," Redio alimwambia. "Kutazama peke yake hakutoshi. Tafuta kosa. Mimi nilikuona kwa makosa yako."

Akamtukana. Alimwambia ana mdomo mchafu, mchoyo wa sabuni, ndoto zake zote ni za kuwatangazia watu shida zao. Redio alijibu kila tusi kwa tusi bora zaidi, na uso wake ukawa unarudi, nyusi kwanza, kisha pua. Walicheka siku hizo. Na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu kila siku Mama Picha alipotafuta kosa alikutana na mwanamke aliyemwambia amweke mtoto chini, aliyefunga ushungi bila kuulizwa, aliyesimama mbele ya kitu kile na kukiita kuku. Matusi yakaanza kumwishia. Aliyosema hayakuwa na ukali. Na uso kwenye stuli ukawa unafifia hata taa zikiwaka, mpaka likabaki kovu, kisha sauti tu, nayo kama inatoka chumba cha pili.

Alasiri moja aliketi mbele ya stuli akaona pazia la buluu, na mikunjo yake yote.

Akasema Redio ni mchoyo. Akasema kilemba chake kimekaa vibaya, akisema huku machozi yanamshuka, akarudia, akapaza sauti, akamwambia amjibu, amtukane yeye na mama yake aliyemzaa, aseme neno lolote baya. Nje magari yalipita. Akaushika mguu wa stuli, ulikuwa wa baridi.

Kisha stuli ikalia, kama inavyolia mtu akikaa vizuri. Harufu ya taa iliyowaka mno ikamjia usoni, karibu kabisa.

"Asante, wifi yangu mpenzi," ile sauti ya karatasi ikasema, kwa upole. "Endelea kunitazama."

Redio hakuwa amemwita mtu yeyote mpenzi tangu azaliwe; jini halikuwa limekwenda popote, limekaa mahali pake. Mama Picha alikaa pale pale, magoti yake yakigusana na magoti mengine, akiogopa kutazama na akiogopa zaidi kufumba macho, huku Pipi akimwita kutoka ukumbini na mlango wa studio ukianza kufunguka.